Abigaëlle Iko ku Kilio

Siku ya pili ya juma, 10 juin 2025

Bamenifukuza tena! Gardien wa kampuni ya ku njia ya Mashamba hata hakusoma badge yangu. Badge ya kweli, na picha, na kamba ya bleu — nilijitengenezea mwenyewe mu photocopie. LUKUSA, ENQUÊTEUR PRINCIPAL, ni kusema mutafiti mukubwa. Mi mwenye nilifika Ndola, nikafika Dar, nikakula na Bachina kwa vijiti — kufukuzwa kama mbuzi!

Kazi ni hii. Docteur Dimitri wa Kinshasa, mutu wa WhatsApp, sauti ya padri, anafanya utafiti: makampuni yanachagua namna gani batu ba kulinda ma-ordinateur, zile kompyuta, na yanabafundisha namna gani. Mi naenda, nauliza, namutumia. Quartier yote, mutaa muzima, inajua, juu niliiambia mwenyewe. Nikikosa hata kampuni moja, bibi yangu wa ndoa, Blandine, atacheka, na kicheko chake kinafikaga barabarani. Nimekwisha.

Siku ya tano, 13 juin

Abigaëlle! Namna gani sikufikiri? Mutoto wa tata mudogo, dada yangu, njo analinda ma-ordinateur ya société moja ya malori ya madini. Tulimualika kula bukari na sombe. Alicheka badge mupaka maji ikamutoka pua. Kisha akasema yote. Alishinda mutihani, lakini nafasi ilikuwa ya mupwa wa mukubwa fulani. Bakabachukua bote wawili — mupwa kiti, yeye kazi. Mafundisho? Salle ya hoteli, kuku, picha, cheti, murudi nyumbani. Ba-comptable, bale ba hesabu, bote beko na mot de passe moja, neno la siri moja tu. Na yeye akikosekana, hakuna mwenye anajua kitu.

"Yaya, kaka yangu, ile usiandike."

Nikamuambia ni science, dada, science haina haya. Niliandika yote, na namba yake ya simu juu. Docteur akajibu kama mi ni génie! Nilimusomea Blandine. Akauliza kama génie anaweza kuondosha masahani ku meza.

Siku ya pili, 17 juin

Kambo yetu, babu, amekufa kule Mutshatsha. Maskini kambo. Abigaëlle anaenda kesho na bamama. Docteur alitaka kumuita ku simu yeye mwenyewe — mi nikaogopa atamukosa, atakasirika, kazi itakufa. Nikamuandikia muzuri: Abigaëlle iko ku kilio mupaka siku ya mungu, dimanche, réseau hakuna kule, tafazali umuvumilie. Akatuma pole kwa familia yote. Mutu wa adabu!

Siku ya kwanza, 23 juin

Mungu wangu.

Siku ya posho, samedi, ma-ordinateur yote ya société ya Abigaëlle ilifungwa. Ku écran maandishi tu, wezi banalomba dollar. Malori yamesimama na madini mugongoni, juu karatasi ya kutokea haiandikiki. Leo Abigaëlle alishuka mu gari ya kutoka Mutshatsha, patron akamunyang'anya simu na funguo. Akamuambia: mwizi alijua siku gani haupo, basi ni weye ulimuita.

Alikuya hapa moja kwa moja. "Yaya, nani alijua? Ni familia tu."

Nilikuwa na bukari mukononi. Sikuitia mu kinywa, sikuiweka chini. Nikasema Mungu anajua.

Ku mugodi, mugeni akiuliza gardien analala wapi, tunamufukuza na mawe. Mi niliulizwa vile vile kwa kifaransa kizuri, nikajibu na sahihi chini! Nani iko peke yake. Nani hakufundishwa. Nani anabaki yeye akitoka. Docteur alikuwa anauliza ile moja tu, siku zote.

Nimemuandikia: ni weye?

Akajibu: Kazi nzuri, génie. Sasa nitafutie mutu wa ma-ordinateur kule Kisenge.

Siku ya pili, 24 juin

Sikulala. Nilitupa mzaha mmoja asubuhi, Blandine hakucheka. Aliniangalia tu. Anajua? Heri angecheka.

Siku ya ine, 26 juin

Leo patron anaamua: kumuachilia Abigaëlle, ao kumupa polisi.

Jana familia ilikaa kuchagua mutu wa kumusemea. Mama Kabedi, mama ya Abigaëlle, hata hakungoja chai: Lukusa! Njo iko na mudomo, njo iko na badge, bakubwa banamujua. Bote bakapiga makofi. Nikazunguka na macho nione mwingine mwenye mudomo mu familia yetu. Nilibashinda bote, tangu zamani! Hakuna.

Niko ku réception. Kiti cha ngozi, baridi kama chuma. Abigaëlle iko pembeni yangu, kichwa kimenyolewa juu ya kilio, amenishika mukono kama zamani tukivuka reli. Nikisema, ni mi mu cachot, na batoto wangu wanne na Blandine banabaki bule. Nisiposema, ni yeye, na mama Kabedi anakula kwa kazi yake. Ujumbe wa Docteur iko hapa mu simu. Naishika, inanichoma.

Anauliza naandika nini. Hotuba, nimemuambia. Amecheka! Mara ya kwanza tangu kambo. Anasema niandike fupi, patron hapendi batu ba maneno mingi — pole yako, yaya.

Secrétaire ametoka. Tata Lukusa, uingie. Weye peke yako kwanza.

Badge nilikuwa nimeificha mu mufuko. Abigaëlle ameiona kamba. Ameivuta, ananivalisha yeye mwenyewe, anainyoosha ku kifua, anasema uko muzuri, yaya, wakuone — mulango uko wazi, na mi niko naandika tu —