Tausi ni Bure, Jina Si Bure

Kadija uko wapi? Leo nimeumbuka dukani kwangu mwenyewe!

Unaijua ile Tausi, mfumo wa kompyuta wa bure ninaowawekea wateja? Si niliubadilisha, nikautia maneno ya Kimwera, nikaacha jina lake na picha yake ya ndege vilevile. Leo katokea Jerome, mmoja wa wenye Tausi, kutoka Dar.

"Dada Lusia, mfumo chukua, badilisha, gawa. Ila ukishaubadilisha usiuite Tausi. Jina ni alama yetu ya biashara."

Nikamcheka! "Bure gani hiyo yenye kona? Kwani jina linaliwa?"

Eti "jina linaliwa?", Kadija! Nimesema hivyo kwa mdomo huu huu!

Hapo hapo Salumu, fundi mwenzangu wa Kilwa, kapiga simu, nikaweka spika. "Dada, ile Tausi yako nimeichokonoa kidogo, nawawekea watu huku. Nawaambia ni kazi ya Lusia wa Lindi."

Shoga, nililipuka. "Ikiwaharibikia watamtukana nani? Jina langu kakupa nani? Mfumo chukua, jina niachie!"

Jerome anapuliza kahawa yake.

"Endelea, dada. Unaeleza vizuri kuliko mimi."

Sasa nimekaa hapa namnyonyoa tausi wa watu. Nitafutie jina jipya la mfumo wangu, na lisiwe la mtu!