Nilimpunguzia Mheshimiwa Moto wa Birika

Jumapili, tarehe 9 Machi. Asubuhi ya mawingu mepesi, upepo mzuri wa kukausha nguo.

Mshauri mpendwa, kila wiki nasoma safu yako nikiwacheka wenzangu, sasa zamu imenifikia, na nakuomba uniokoe kabla ya Jumamosi ijayo, kwa sababu baada ya hapo nitakuwa nimeshaaibika au nimeshakuwa mtu mkubwa, na sijui lipi linanitisha zaidi.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule, nina chumba cha cherehani sita, na humo ndimo lilimozaliwa vuguvugu letu la Nyumba Tulivu. Ilifunguliwa baa mkabala na lango la shule ya msingi, watoto wakawa wanatoka darasani na kuingia katikati ya muziki na walevi mchana kweupe, tukazunguka ofisi hadi ofisi tukiambiwa leseni ni halali, imepitishwa na Chama Kikubwa kinachoshika baraza la mji, basi tukaanza kukutana kwangu kila Jumamosi, wazazi, kinyozi wa mlango wa pili, mama mkwe wangu, watu wa kawaida wanaotaka mambo ya kizamani tu, mtoto alale mapema, mkubwa aamkiwe, mzazi aulizwe kabla shule haijabadilisha masomo, na serikali isituingilie hadi jikoni. Hatukuwa na katiba. Tulikuwa na birika.

Katika kikao cha kwanza kinyozi aliongea hadi watoto wakalala juu ya marobota ya vitambaa, ndipo mama mkwe akaamua kwamba kila msemaji awashiwe birika langu la filimbi, maji vikombe viwili, moto wote, na likilia akae hata kama yuko katikati ya neno. Mshika jiko ni mimi. Mama mkwe mwenyewe aliwahi kukatwa akiwa kwenye "kwa hiyo", na hadi leo hatujui kwa hiyo nini. Lakini birika lile lilitufundisha kusema jambo likaeleweka, tulipofika mbele ya baraza tukalisema, baa ikahamishwa, na tangu hapo watu wa mitaa minne wanakuja, wengine wanasikilizia dirishani.

Mwezi uliopita akatokea mtu wa Chama Kikubwa, tumembandika jina la Bwana Tai kwa sababu tai yake ya shingoni hailegei hata kwenye jua la saa saba. Akasema, "Nyinyi ndio roho ya chama chetu, ni vile tu tulikuwa hatujakutana." Chama kile kile cha leseni. Akaleta viti vya plastiki mia mbili, vya mbele vimevalishwa vitambaa, vya nyuma viko uchi, na fulana zenye jina la chama chao kifuani na jina letu kwapani, yaani usipoinua mkono halisomeki.

Nilipaswa kununa. Lakini alinipeleka ofisini kwao, ghorofa ya tano, akanikalisha kwenye kiti kinachozunguka, akaniambia jina langu liko juu kabisa kati ya watakaogombea udiwani, na alipotoka kupokea simu nikazunguka mara moja, nikatazama mlango, nikazunguka tena. Tangu siku hiyo niko kama soda iliyotikiswa. Naosha vyombo huku napunga mkono. Mume wangu akaniuliza, "Unawasalimia nani, masufuria?" Nikamjibu, "Wapiga kura wangu," tukacheka hadi sahani ikaniponyoka.

Jana akaja Mheshimiwa mwenyewe, mkuu wa Chama Kikubwa hapa mjini. Nikawasha jiko kama kawaida. Bwana Tai akaniinamia sikioni, "Dada, punguza moto kidogo, Mheshimiwa bado yuko kwenye utangulizi." Nami, ambaye sijawahi kumpunguzia hata mama mkwe, nikapunguza, nikapunguza tena, hadi moto ukabaki kama ukucha wa mtoto mchanga, na Mheshimiwa akaongea karibu saa nzima, na ndani ya saa hiyo akasema kamati yetu sasa itateuliwa na ofisi yake ili tupumzike, na suala la baa "litazamwe upya kwa hekima". Wenye fulana wakapiga makofi. Waliobaki walikuwa wanalitazama birika. Kinyozi alisogea akanusa jiko. Mama mkwe akasema, kwa sauti iliyofika barabarani, "Mwanangu, kilichokwisha ni gesi au haya?"

Nikasema gesi.

Jumamosi tunapiga kura kama tuingie chini ya Chama Kikubwa au tubaki wenyewe. Bwana Tai anataka mimi ndiye nimkaribishe Mheshimiwa, na jiko lihamishiwe uani "kwa usalama". Najua wanatumeza, lakini je, si ninaweza kuingia, niupate huo udiwani, halafu nirekebishe mambo nikiwa ndani? Au najidanganya kwa ajili ya kile kiti? Na kwa nini, pamoja na aibu yote hii, nikijitazama kwenye kioo nacheka peke yangu?

Jana nililala saa tisa kasorobo usiku. Leo sioni hata dalili ya usingizi.

Mshika Jiko


Mshika Jiko, mdogo wangu,

Nimecheka hadi mhariri akaja kuuliza kulikoni, kwa hiyo sitajifanya nimekasirika toka mwanzo. Kusifiwa ni kutamu. Umeshona sare za watoto wa watu miaka nenda rudi, hakuna aliyekupandisha ghorofa ya tano, leo umepandishwa, kichwa kimezunguka pamoja na kiti. Hiyo ni afya.

Sasa nikuseme. Ulimdanganya mama mkwe wako mbele ya watu, kwa ajili ya mtu aliyekuita dada kwa mara ya kwanza akiwa anataka kitu. Unaniuliza kama utaweza kurekebisha mambo ukiwa ndani. Mwenzangu, jiko ni lako, chumba ni chako, birika ni lako, na bado mnong'ono mmoja ulikutosha. Huko ndani kila kitu kitakuwa chao, na wanaonong'ona watakuwa wengi.

Wala usinielewe vibaya. Simwambii mtu achukie chama kwa sababu kina magari. Huenda Mheshimiwa ana neno la maana, na kama analo litaenea kwenye vikombe viwili vya maji kama lilivyoenea lenu. Kinachonitia wasiwasi ni watu waliowapuuza baa ilipofunguliwa, na sasa wanawapenda kuliko mnavyojipenda.

Fanya hivi. Leo hii nenda kwa mama mkwe, mwambie gesi ilikuwepo. Usimpelekee zawadi, atakudharau zaidi. Jumamosi weka jiko katikati ya chumba kabla hajaingia mtu, mpe kinyozi akushikie, na uanze kusema wewe: ulichoahidiwa, ulichofanya, basi. Hakuna kulia. Baada yako asimame yeyote wa Chama Kikubwa, moto ule ule. Wakikataa kusema mbele ya birika, mmeshajibiwa, kura itakuwa ya kukamilisha tu.

Udiwani ukiutaka, utake. Waombe watu wa dirishani, usimwombe Bwana Tai.

Na hicho kiti, nunua cha kwako. Mshonaji anakihitaji kuliko mwanasiasa.

Mshauri


(Jibu hilo nilimtumia siku ile ile barua yake iliponifikia. Kabla safu haijachapwa, nikapokea hii.)

Jumamosi, tarehe 15 Machi. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, ikakata saa nne.

Mshauri, mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Najua gesi ilikuwepo, mtungi niliununua mimi." Leo nilisema wa kwanza. Birika lilinikata kabla sijafika kwenye kile kiti kinachozunguka, nami nilikuwa nimekitunza kwa mwisho, na aliyepaza sauti "kaa chini" kuliko wote ni mama mkwe. Mheshimiwa alituma salamu kwamba amepata kikao kingine. Bwana Tai alisimama, nampa heshima yake, akakatwa akiwa kwenye "kwa kifupi". Watu walicheka, naye akacheka, tai ikalegea kwa mara ya kwanza, akapewa chai ya maji yale yale.

Tumebaki wenyewe. Viti vimepangwa nje vinasubiri lori. Kinyozi akauliza, na udiwani wa huyu je? Mama mkwe akasema nirudishiwe jiko kwanza, wanitazame hadi mwisho wa mwaka, "kwa hiyo," akaanza, na birika likalia.

Sasa ni saa tatu na dakika tano usiku, nazima taa nilale.