Bakuli la Bi Salma

Mke wangu mpendwa,

Kosa la wengi ni kudhani kwamba mpweke ni mtu aliyetupwa na wenzake. Mara nyingi chanzo ni kidogo kuliko hivyo. Changu mimi ni bakuli.

Unalikumbuka lile la buluu la jirani yetu Bi Salma, lenye ufa ukingoni? Kila Ramadhani lilikuja na mbaazi za nazi, likarudi na kaimati zako. Jioni moja ulikuwa mgonjwa, jikoni hamna kitu, nikataka kulirudisha hivi hivi. Ukaniita kutoka kitandani: "Tia hata ndimu mbili, mume wangu. Tupu lisirudi."

Ulipofariki, Bi Salma hakuacha kuniletea. Kupika sijui, nawe unajua. Nikalikosha bakuli, nikaliweka kabatini mpaka nipate cha kutia. Katika maneno yako nilikumbuka ya mwisho tu, ndimu nilizisahau. Siku moja akanikuta uchochoroni, akacheka: "Mwalimu, bakuli langu umelioa?"

Ulikuwa mzaha wa jirani. Mimi nikaona haya hadi masikio yakaniwaka. Tangu hapo nikawa napita njia ya nyuma kwenda msikitini. Akipiga hodi, yeye au jirani mwingine, nakaa kimya kama hamna mtu. Mwishowe hodi ikakoma.

Ramadhani iliyopita, kila magharibi, nilisikia sahani zikipita kutoka mlango hadi mlango. Wetu haukugongwa. Nilifuturu tende na maji, nikazungumza na redio. Sasa usingizi hauji na chakula hakishuki. Daktari kanipima, haoni maradhi. Mimi nayajua.

Juzi ndipo nilipozikumbuka ndimu. Nikazinunua sokoni Darajani, nikazitia bakulini, nikaenda kubisha. Akafungua kijana nisiyemjua.

"Bi Salma? Kashachukuliwa na mwanawe, wako Maskati. Kwani hukuambiwa, babu?"

Ukuta mmoja, mke wangu, na sikuambiwa. Nani wa kuniambia?

Bakuli liko mezani, ndimu zinakauka ndani yake. Wewe uliondoka kwa amri ya Mungu. Hawa wengine nimewafukuza mwenyewe, na nilikuwa nikidhani hiyo ndiyo adabu. Sioni tena mlango wa kuuendea.

Pumzika, mwenzangu. Na wewe unayeisoma barua hii, kama una chombo cha jirani, kirudishe leo, hata kikiwa kitupu.

Mumeo