Nesi Aliyenawa Kabla ya Kumshika Mama Yako

Rehema mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Mpwapwa tumevuna karanga, lakini nyumba imekuwa kimya tangu babu yako afariki.

Unauliza kwa nini wagonjwa wako huko Mwanza hununa ukinawa mikono kabla ya kuwagusa. Hata mimi nilinuna. Mama yako alizaliwa njiti, na nesi alinawa kwanza ndipo akamshika.

"Unatuona wachafu?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Nimetoka kumhudumia mgonjwa mwingine. Sitaki kumletea mwanao maradhi."

Nililia. Siku zote nilizolala wodini bila ndugu, nilidhani ni mimi peke yangu ninayemhofia mtoto yule.

Wewe nawa, ila uwaambie sababu.

Likizo ikifika, njoo. Kupika chakula cha mtu mmoja bado sijazoea.

Bibi yako