Mama, Nililala Kanisani

Mwihoko, Ruiru

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti lako linasemaje na hii mvua? Sharon bado anakohoa? Usimwache aende mtoni bila sweta. Na Kevo asile mapera mabichi, tumbo lake unalijua. Sisi huku tuko. Siwezi kusema wazima, lakini tuko.

Nimeandika kwa sababu kwa simu siwezi kuongea. Chumba chetu ni kimoja, na Baba Sharon amelala hapo hapo anasikia kila neno. Ndiyo maana ukiniuliza anaendeleaje nakujibu "vizuri, Mama," na wewe unanyamaza. Leo niko juu ya gorofa ninapofulia watu nguo, nangoja shuka zikauke. Barua utaletewa na Ezekieli wa shangazi, anakuja matanga. Dada Roda akusomee, watoto wakiwa nje.

Mama, hatatembea. Tangu ile mbao ivunjike akaanguka kule Mugutha kwa mjengo, tumekuwa tukisema mgongo utashika. Juzi tulirudi hospitali Thika, daktari akatazama picha, akaniita kando akaniambia, "Mama, huyu hatasimama tena." Niliitikia "sawa" kama mtu ameambiwa duka limefungwa. Yeye sijamwambia. Nafikiri anajua.

Nesi alinifundisha kumgeuza, kila baada ya masaa mawili, mchana na usiku, nyama isioze. Nikienda kufua, jirani Mama Tito humgeuza, lakini ana watoto wake. Usiku ni mimi. Mwanzoni Baba Sharon alikuwa ananichekesha. Anaita, "Mama Sharon, geuza, upande huu umeiva!" Ati yeye ni chapati. Tulikuwa tunacheka sisi wawili mpaka jirani anagonga ukuta. Siku hizi anasema "geuza" tu. Kidonda cha kiuno kimefunguka, na mimi nimesahau usingizi ni kitu gani. Nikifumba macho namsikia akiita hata kama hajaita.

Ulipotuma neno na kaka kwamba nimwachie ndugu zake nirudi nyumbani, sikukasirika. Ndugu zake hawashiki simu. Lakini nilichukua ule mkoba wa kijani ulionipa nikiolewa, nikaujaza nguo zangu karibu zote, nikausukuma chini ya kitanda. Nilipanga nije Jumatatu. Ndiyo, Mama, ningemwacha. Nisikudanganye.

Jumapili nikaenda kanisa, lile letu la mabati hapa karibu. Nilitaka nimwombe Mungu msamaha mapema, kabla ya kutenda. Pasta akahubiri juu ya wale wamechoka na mizigo, kwamba Yesu anawaita awapumzishe. Akasema mwenye mzigo aje mbele. Nilienda. Akaniwekea mkono kichwani. Mama, nilienda chini kama gunia.

Kanisa likashangilia. Wakasema nimeangushwa na Roho. Nikasikia kwa mbali Pasta akisema, "Msimguse, Bwana anashughulika naye!" Mtu akanifunika na leso. Baada ya hapo sikusikia kitu.

Niliamka watu wanaimba wimbo wa mwisho. Mate yalikuwa yamekauka kwa shavu. Kando yangu alikuwa ameketi Shosho mmoja, bibi mzee wa hapa, huyo huwafunika akina mama wakianguka. Pasta akanisimamisha, akanipa maiki. "Bwana asifiwe! Mama Sharon, waambie watu wa Mungu umeonyeshwa nini."

Wote wakaningoja. Wengine walikuwa wameshaanza kulia. Ningeweza kusema nimeona mwanga, Mama. Hakuna mtu angenikatalia. Lakini nilikuwa nimekuja na ule mkoba moyoni, nikaona nisiongeze uongo juu yake.

Nikasema, "Nililala."

"Amina! Ulilala wapi, mikononi mwa Bwana?"

"Hapana, Pasta. Nililala usingizi. Sijalala siku nyingi. Samahani."

Kijana mmoja huko nyuma akacheka. Nikatafuta mlango kwa macho.

Shosho akasema akiwa ameketi hapo hapo chini, "Mimi nilijua. Alikuwa anakoroma kama posho mill ikisaga mahindi." Sasa watu wakacheka kweli. Akawaangalia. "Mnacheka nini? Kwani Yesu akiwa kwa mashua hakulala? Na mawimbi yalikuwepo." Pasta akaomba, tukaenda.

Mimi sikuona malaika, wala sikusikia sauti. Ilikuwa giza tupu, na ndani ya hilo giza hakuna mtu aliniita. Kama hiyo ndiyo raha wanayohubiri, basi nimeionja, na sikujua ni kitu kidogo hivyo.

Shosho alinifuata kwa njia. "Huyo mzee wako hugeuzwa na nani?"

"Mimi."

"Na usiku?"

"Mimi."

"Ngai! Kesho nakuja."

Akaja kweli asubuhi, na mama mwingine wa kanisa. Akamsalimia Baba Sharon kama mkwe, "Wewe kijana, leo unageuzwa na wasichana." Wakamlaza ubavu. Shosho akatafuta kitu cha kumkinga mgongo asirudi chali. Akainama chini ya kitanda, akavuta mkoba.

"Hii imejaa nini?"

"Nguo."

"Za nani?"

Nikakunja shuka. Baba Sharon alikuwa ametazama ukuta. Shosho hakuuliza tena. Aliusukuma mkoba nyuma ya mgongo wa Baba Sharon, akaupigapiga kama mto. "Wewe lala," akaniambia, na nikalala hapo sakafuni, juu ya mkeka, mpaka mchana.

Walipoenda, Baba Sharon akaniita.

"Mama Sharon. Ulikuwa unaenda lini?"

"Jumatatu."

"Na leo ni siku gani?"

"Jumatatu."

Nilimgeuza, nikahamisha mkoba upande ule mwingine.

Sasa hao akina mama huja Alhamisi, na Jumapili baada ya kanisa, ndipo nalala. Usifikiri nimepona, Mama. Kidonda bado. Kuna asubuhi nakasirika kwamba nimeamka. Nikiomba, maneno hayatoki, nakaa tu hapo mbele za Mungu kama nguo mbichi. Lakini kurudi sitarudi. Usimtume kaka tena na neno hilo.

Nisalimie Baba, mwambie asibebe kuni. Nisalimie dada Roda na mume wake, na kaka, mwambie sina kinyongo. Nisalimie mke wa marehemu mjomba. Watoto waambie baba yao anawapenda. Sharon akiuliza kama anatembea, mwambie mama ataongea naye mwenyewe.

Na ukipata mtu anakuja huku, nitumie lile gauni langu la maua la zamani nililoacha kwako, na sweta yoyote. Nimebaki na nguo moja ya kuvaa na moja ya kufua. Zile zingine ziko nyuma ya mgongo wa Baba Sharon, na mkoba ukipungua hata kidogo, anarudi chali.

Ni mimi mtoto wako,
Rosa, Mama Sharon