Kimya Mpaka Chai Ichemke

Jumatano, jioni. Mvua imetunyeshea tangu saa nane, ile yetu ya kila siku, na sweta yangu inakaukia kando ya jiko.

Leo nimeamka na hasira, wacha niseme ukweli.

Juzi usiku wezi walivunja zizi la mama mkwe wangu wakaenda na Chelel, ng'ombe wake mweupe, wa pekee aliyekuwa akitupa maziwa. Kufika asubuhi, vijana wetu hapa Chepilat walikuwa wameshaamua: ni Wakisii, majirani zetu wa ng'ambo ya barabara ya mpaka. Ushahidi? Hakuna. Na maombi yetu ya kila Jumatano, yanayozunguka nyumba kwa nyumba pande zote mbili za barabara, zamu ya leo ilikuwa kwa nani? Kwa Mama Kemunto, Mkisii, ng'ambo hiyo hiyo.

Nilimwambia mama mkwe tusiende. Alifunga leso yake akanijibu, "Zamu ni zamu, Cherono."

Maombi yetu yana utaratibu wake. Kila mtu huja na maziwa kidogo, yote yanamwagwa kwa sufuria moja, kisha tunakaa kimya mpaka chai ichemke. Hakuna kuimba, hakuna kuongea. Unakaa na Mungu, na pembeni yako pengine yuko yule mliyegombana naye jana. Wageni hutucheka, lakini hicho kimya ndicho kilichotushikilia hata ile miaka mibaya ya mapigano ya pande hizi mbili.

Mama alifika mikono mitupu. Mama Kemunto alimpa kikombe cha maziwa pale mlangoni, naye akaenda akamwaga kama sisi wengine.

Sikuwahi kuona chai ikichelewa kuchemka hivyo.

Ilipochemka, mama ndiye aliomba kwanza. "Mungu, huyo aliyemchukua Chelel, mwambie asimkamue upande wa kulia, atapigwa teke. Na chuchu moja ya nyuma inamuuma, aishike polepole."

Woi! Tulicheka wote. Halafu nikaona Mama Kemunto analia, na mimi pia nikashindwa kujizuia.

Huyu mama ananishinda. Mimi sijafika hapo. Bado nataka mwizi ashikwe alale ndani.

Lakini Jumatano ijayo zamu ni yetu, na vijana wamesema mtu wa ng'ambo asikanyage huku. Sawa. Nitaenda mwenyewe kumchukua Mama Kemunto mlangoni kwake. Tutapitia katikati ya soko, polepole, tumeshikana mikono.