Kiu ya Bobi

Goma, tarehe 4 Agosti 2008

Kwa Rosine mutoto wangu,

Nakusalimia sana. Uko muzima? Kazi ya santere ya afya kule kambini Nakivale inaendelea? Huku Goma tuko, Mungu anatulinda, ingawa magoti yangu hayataki tena kuinama chini ya magari ya watu. Namba yako haipiti tangu miaka miwili, ndiyo maana nimemupa barua hii Kanyere, yule mama wa Butembo anayevusha maharagwe kwa mupaka wa Bunagana.

Nina shida ya mbwa. Jirani mumoja alikimbia vita akaniachia Bobi. Ni mbwa mukubwa wa miaka saba, mwenye akili, lakini anakojoa ndani ya nyumba kama mutoto wa wiki moja. Inje siwezi kumulaza. Wezi wenye bunduki wanaanza kwa kuua mbwa, na kwa avenue yetu wameua watatu. Basi analala kwa salo, pale tunapopokea wageni, pamoja na Donatille na watoto wake wawili, wakimbizi wa Rutshuru niliowapokea. Kila asubuhi mukeka wao umeloa. Anakunywa ndoo nzima, anakojoa, anarudi kunywa.

Nimemusugua pua ndani ya mukojo. Nimemupiga na mukaba wa moteri mpaka mukono ukachoka. Juzi ngozi ya mugongo ilipasuka, Donatille akatoa watoto inje wasione. Mbwa hakukimbia. Alilala tu, akakojoa tena pale pale nikiwa bado ninapiga.

Wewe unafanya kazi na wagonjwa. Nifanye nini? Ninafikiri kumunyima maji.

Mimi papa yako,
Wenceslas


Nakivale, tarehe 27 Agosti 2008

Papa,

Barua ilifika. Niko muzima, natumaini na wewe pia.

Usimunyime maji. Soma mustari huo mara mbili. Mbwa anayekunywa namna hiyo hana kiburi, ana ugonjwa. Mupe maji yote anayotaka, mutoe inje kila saa, na akikojoa ndani, pangusa na unyamaze. Angalia kama anakonda huku anakula. Angalia kama sisimizi wanakusanyika kwenye mukojo wake. Halafu tafuta veterineri, munganga wa wanyama.

Miaka miwili iliyopita munganga wa santere yetu alitufundisha ugonjwa wa sukari. Kabla hajamaliza nilitoka inje. Unajua kwa nini. Élisée ndugu yangu alikuwa na miaka kumi na moja, anakula kuliko wewe na mbavu zinahesabika, anakunywa bila kushiba, na kila asubuhi analala ndani ya mukojo. Ulikuwa unamuamusha kwa mukaba. Siku moja nilihesabu: ishirini na mbili. Alipokufa ulisema ni malaria. Dada zako wakasema Mama ndiye alimuroga, wakamufukuza mpaka kwa ndugu zake Butembo, na wewe ukanyamaza.

Jioni ya somo lile nilibadilisha namba ya simu.

Rosine


Goma, tarehe 19 Septemba 2008

Rosine mutoto wangu,

Salamu. Natumaini barua hii inakukuta salama.

Sisimizi walikuwapo. Nilivuta kiti nikawatazama kwa muda murefu. Kisha nikamuita Achille, veterineri wa Munigi. Alichovya kikaratasi ndani ya mukojo wa Bobi, kikageuka rangi.

"Muzee, ni sukari," akasema. "Na haya makovu ya mugongo?"

"Ni mimi."

Akafunga mufuko wake. Kwa mulango ndipo akanieleza kwamba dawa yake ni sindano ya kila siku, inataka friji, na huku umeme hakuna. Mbwa atakufa, lakini asife na kiu. Sasa ndoo inakaa imejaa, na ninamutoa kila saa.

Kuna kitu hujui. Wiki ile Élisée alipokufa ulikuwa Sake kwa bibi yako. Nilisema nitamufundisha kukauka. Nilifunga pipa la maji kwa kufuli, nikaweka ufunguo mufukoni, nikakataza asipewe hata kikombe. Siku ya pili nilimukuta anakunywa maji ya kuoshea vyombo, nikamupiga mpaka akayatapika. Mama yako akaleta shoka avunje kufuli. Nilimunyang'anya nikamupiga na mupini wake, akaanguka. Siku ya tatu mutoto alipumua mbiombio kama mwenye kupanda mulima, kinywa kikinuka ndizi iliyoiva sana, halafu hakuamuka tena. Mama yako aliposema habari ya kufuli, niliwaambia watu kwamba ni muongo.

Ugonjwa sikuujua. Lakini kiu yake niliiona.

Papa yako


Goma, tarehe 6 Novemba 2008

Rosine,

Nakusalimia. Mukono unaoandika ni wa Donatille, maneno ni yangu. Hukujibu, na sikulaumu.

Wiki iliyopita vita ilisogea karibu, watu wenye bunduki wakajaa mujini bila mutu kujua ni wa nani. Saa kumi ya mchana watatu walivunja mulango wetu. Walichukua redio, unga na vyombo vyangu vya kazi. Mumoja akamushika Donatille kwa kitenge, akaanza kumuvuta kuelekea chumba changu. Bobi akainuka anatetemeka, akamukojolea kiatu. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alimuachilia Donatille, akaokota fimbo akanipa.

"Mbwa ni wako? Mufundishe."

Niliishika ile fimbo. Kisha nikaiweka chini.

"Ni mugonjwa," nikasema.

"Mupige."

"Ni mugonjwa."

Alinipiga na kitako cha bunduki. Mukono wa kuume ulivunjika mahali pawili, na meno matatu yakatoka. Kisha akamupiga Bobi risasi mbili za kichwa. Walipokuwa wakinishughulikia, Donatille alipitisha watoto dirishani na yeye akawafuata. Wako wazima.

Nilimuzika Bobi nyuma ya nyumba kwa mukono mumoja. Majirani wanasema muzee Wenceslas ni shujaa, nimewakataza. Mutu hawezi kukataa kumupiga mbwa mara moja, akasema amelipa ya mutoto.

Papa yako


Nakivale, tarehe 2 Desemba 2008

Papa,

Pole kwa mukono. Tafuta munganga wa mifupa. Vidole vikifa ganzi usingoje. Musalimie Donatille na watoto.

Uliandika kwamba kuna kitu sikijui. Nilikijua. Mama aliniambia habari ya kufuli siku tulipomuzika Élisée, uso ukiwa bado umevimba kwa ule mupini. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilimuambia anadanganya, papa wangu hawezi kufanya hivyo. Dada zako walipomutoa na kuanza kumutupia mawe barabarani, nilisimama upande wao. Nilitupa moja. Lilimupata kwa shingo. Aligeuka, akaniona, akaendelea kutembea.

Ni miaka tisa sasa, na tangu lile somo la sukari nimekuchukia wewe ili nisilifikirie lile jiwe.

Kanyere anarudi Butembo keshokutwa, nitasafiri naye. Ninabeba barua yako ya Septemba. Nitamusomea Mama mbele ya ndugu zake, neno kwa neno, na kisha nitawaambia mimi nilifanya nini. Sitamuomba anisamehe, na wewe sitakuombea musamaha. Akitaka kukuandikia, ataandika. Akitaka kunyamaza, tutanyamaza naye.

Mutoto wako,
Rosine